Doti nyekundu haitoki dukani na ziro yake

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu bastola zenye saiti ya doti nyekundu, yani kile kifaa cha kulengea chenye kioo kinachokuonyesha alama nyekundu, ile iliyosema kwamba sasa mwenye kibali hana haja ya kuhangaika na shabaha, anaweka doti juu ya anachotaka kupiga, anafyatua, kazi kwisha. Kusema kweli nilicheka kidogo alafu nikakasirika, kwasababu najua kuna mtu Kampala au Mbarara ameisoma hiyo na leo hii anaamini bastola yake iko sawa ati kwa vile kaitoa kwa muuzaji na doti inawaka.

Mimi ni askari mstaafu, kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kufundisha watu kupiga shabaha, na sa hizi nafundisha raia wenye vibali vyao halali, pamoja na masupavaiza wa walinzi. Naandika Kiswahili kwasababu ndo lugha tuliyofundishiwa silaha kambini tangu zamani, na wengi wanaobeba bastola nchi hii wamepitia huko huko. Na kabla sijaendelea niseme hili moja, hapa kwetu Uganda silaha iko chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya 1970, kibali kinatoka polisi, na haya yote ninayoyasema ni kwa mwenye kibali, tena akiwa renji, uwanja wa kupigia shabaha, sio shambani kwa shemeji nyuma ya migomba.

Makala ilikuwa na mazuri yake. Ni kweli hii doti sio uchawi wa juzi, fikra yenyewe ya kuakisi alama kwenye kioo ilitoka kwa Howard Grubb wa Ireland mwaka 1900, na kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa saiti yake ya kwanza ya umeme mwaka 1975, kwenye bastola ndo imechelewa kuenea. Na ni kweli inasaidia, hasa sisi wenye macho ya umri, maana kwa saiti za chuma unapanga vitu vitatu, ya nyuma, ya mbele na shabaha, na jicho haliwezi kuviona vyote vitatu kwa ukali kwa wakati mmoja. Kwa doti unaangalia shabaha tu, doti inakuja yenyewe juu yake. Hapo hatugombani.

Tunagombana hapa: doti inakuonyesha unapolenga, haikuonyeshi risasi inapoenda. Hayo ni mambo mawili tofauti mpaka wewe mwenyewe uyakutanishe, na kuyakutanisha ndo kupiga ziro. Makala nzima haikugusa hilo isipokuwa sentensi moja, na hiyo sentensi moja ilikuwa na kosa, nitaifikia.

Kuna wauzaji na mafundi, sitaji mtu, wanaomfungia mteja saiti alafu wanamwambia "imeshapigwa ziro hiyo, nenda tu". Imepigwa na nani? Wapi? Kwa risasi gani? Saiti ikitoka kiwandani skrubu zake za kusogezea doti zimewekwa katikati au karibu na hapo, basi. Ikikaa juu ya slaidi yako, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, kwenye bati lako la kuunganishia, na bastola yako, kuna utofauti mdogo mdogo kila mahali, na huo utofauti mdogo kwenye bastola unakuwa sentimita kadhaa kwenye karatasi. Ziro ya dukani ni kama miwani ya jirani, unaweza kuona kitu ukibahatika, ila macho sio yako.

Sasa nieleze ilivyo, na nitaelezea kwa mama mmoja aliyekuja kwangu, mfanyabiashara wa nafaka kutoka upande wa Mbale, anabeba bastola ya milimita 9 kwasababu anasafiri na pesa. Kaja na doti mpya, kapiga mita 10, risasi zote zimeenda chini kushoto. Akaniambia, "Afande, hii kitu ni mbovu, nilidanganywa." Nikamwambia nyabo, tulia kwanza, hatujui bado nani mbovu, saiti au kidole.

Maana hapo ndipo wanaoanza wanapotea. Mtu wa mkono wa kulia akivuta triga kwa haraka, akiibana bastola nzima kwa woga wa mlio, risasi zake zinaelekea chini kushoto. Ni ugonjwa wa kawaida kabisa, nimeuona kwa makuruta na kwa maofisa wenye nyota. Sasa mtu huyo ukimpa bisibisi anasogeza saiti ilingane na kosa lake la kidole, alafu siku anayovuta triga vizuri risasi inaenda juu kulia na analaumu saiti tena. Kwahiyo kabla ya kuisogeza saiti nilikaa mezani, mikono juu ya kigunia cha mchanga, nikapiga tano polepole. Kundi langu la matundu likawa sawa kwa kushoto na kulia, ila liko chini kama sentimita 4. Hapo tukajua: kushoto ni kidole cha mama, chini ni saiti, na kidole kidogo. Baadaye nikamkalisha yeye pale pale kwenye mchanga, nikamwambia vuta mpaka mlio ukushtue, na kundi lake likaja karibu na langu. Tukaanza kazi.

Lakini kabla sijapiga hata hizo tano zangu tuliangalia skrubu zinazofunga saiti, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo ziro nyingi zinapofia. Magazini nje, slaidi nyuma, angalia chemba kwa jicho alafu pitisha na kidole, hayo hata mlevi ayajue. Alafu shika saiti jaribu kuitikisa. Ya mama ilicheza. Kidogo sana, hungeiona kwa macho, unaisikia tu kwenye kidole. Saiti inayocheza hakuna ziro duniani itakayokaa, utageuza kliki, zile hatua ndogo za skrubu ya kusogeza doti, mpaka jioni na karatasi itakuchekea. Tukaitoa, tukasafisha mafuta kwenye skrubu na kwenye matundu kwa spiriti, maana gundi haishiki juu ya mafuta, tukaweka tone dogo la ile gundi ya nati ya bluu, sio nyekundu, nyekundu ukija kufungua utalia. Tukakaza kwa kipimo cha kwenye karatasi ya saiti, ambacho kawaida ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwenye newtoni mita moja na nusu hivi, skrubu hizi ni nyembamba na mtu mwenye mkono wa kukaza magurudumu ya lori anazikata. Akarudi kesho yake gundi ikiwa imekauka. Alafu tukachora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye saiti, ili ikilegea aone mstari umekatika bila kuambiwa na mtu.

Jingine la skrubu: urefu. Ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa inaweza kugusa vitu vya ndani ya slaidi, kwenye bastola nyingine inabana sehemu inayovuta ganda, na bastola inaanza kukwama, mtu anadhani risasi mbovu. Tumia skrubu zilizokuja na bati lako. Na kama slaidi yako haikukatwa kiwandani kwa ajili ya doti, tafadhali usiipeleke kwa fundi chuma. Mafundi wa Katwe pale Kampala nawaheshimu, watakutengenezea geti, jiko, mashine ya kukoboa kahawa, karibu chochote, lakini slaidi ya bastola ni jambo la vipimo vya unywele na ni silaha yenye namba zake na kibali chake, sio bomba la maji.

Haya, tumekaa mezani. Mita 10 kwanza, sio 25, kwasababu anayeanza akienda 25 moja kwa moja anaweza asiguse karatasi kabisa na hatajua ageuze wapi. Kama saiti zako za chuma zilikuwa zinapiga sawa na unaziona kupitia kioo, unaweza kuanza kwa kuzipanga za chuma na kuisogeza doti ikae juu ya ncha ya ile ya mbele, hiyo inakuleta karibu ila usiite ziro. Wengine wanabaki hapo hapo wanasema imelingana. Haijalingana mpaka karatasi iseme.

Punguza mwanga wa doti. Watu wanapenda iwake kama taa ya breki, na jua letu la saa sita mchana linakudanganya uipandishe zaidi, lakini doti kali inatoa miale pembeni na unashindwa kujua katikati yake ni wapi. Ishushe mpaka uione duara, au karibu na duara. Kama hata ukishusha bado unaona kama nyota au koma au doti mbili, ipige picha kwa simu kupitia kioo, kwenye picha ikiwa ni duara safi basi tatizo ni jicho lako, wengi wana astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho, na hawajui mpaka siku ya doti. Sio mwisho wa dunia, tumia katikati ile ile kila mara, na nenda ukapimwe macho.

Mikono ikae juu ya kigunia, au sehemu ya chini ya bastola mbele ya triga, lakini usilaze slaidi wala mdomo wa mtutu juu ya mchanga, slaidi lazima itembee huru. Macho yote mawili wazi. Angalia shabaha, usiangalie doti, hii nairudia kila siku na kila siku kuna anayeangalia doti. Iweke doti katikati ya kioo hivi, kwasababu saiti nyingi zina kosa dogo doti ikikaa pembeni, mtaalamu wa kupiga haraka halimsumbui ila wewe unapiga ziro, usilipe nafasi.

Alafu piga tano. Tano kabla ya kugusa bisibisi. Nimeona watu wanapiga moja, wanageuza, wanapiga moja, wanageuza, wanaifukuza risasi karatasi nzima, sanduku la risasi linaisha na bei ya risasi hapa kwetu mnaijua. Risasi moja haina habari, ile tano ndo ina habari. Tafuta katikati ya kundi, kama moja imeruka peke yake mbali na ulijua mkono ulitetemeka, iache, pima hizo nne. Kama tano zote zimetawanyika kama mahindi yaliyomwagika, usiguse saiti kabisa, rudi kwenye triga, au kaangalie zile skrubu.

Sasa hesabu, alafu nitafika pale makala yenu ilipokosea. Saiti nyingi za bastola kliki moja ni MOA moja, yani dakika moja ya pembe, nyuzi moja igawe kwa sitini. Umbali wa mita 100 hiyo ni karibu sentimita 3. Kwahiyo mita 25 ni kama milimita 7, na mita 10 ni milimita 3 hivi, pungufu kidogo. Kundi la mama lilikuwa chini sentimita 4 kwa mita 10, yani milimita 40, gawa kwa 2.9 unapata kliki 14 kwenda juu. Watu wanaogopa, kliki 14 nyingi! Sio nyingi, kwa mita 10 kliki moja haionekani hata kwenye karatasi, ni ndogo kuliko tundu la risasi yenyewe. Zipo saiti kliki yake ni ndogo kuliko hiyo, na zipo zisizo na kliki kabisa, ni skrubu laini na nyingine ya kufungia ambayo lazima uilegeze kwanza, kwahiyo ile karatasi inayokuja kwenye boksi usiitupe.

Makala ilisema "geuza skrubu kuelekea pale risasi zinapoangukia". Hapana! Hiyo itakupeleka mbali mara mbili. Mshale au herufi iliyoko kwenye skrubu inaonyesha risasi itaenda wapi, risasi zikiwa chini unageuza upande ulioandikwa juu, zikiwa kushoto unageuza upande wa kulia. Na kuna kitu kinawachanganya wote wanaoanza, ukigeuza kwenda juu na unaangalia kupitia kioo unaona doti inashuka. Mama wa Mbale alisimama hapo hapo akasema, "Afande unaipeleka chini!" Ndivyo inavyotakiwa. Doti ikishuka, wewe unanyanyua mdomo wa bastola kuirudisha kwenye shabaha, na mtutu ukinyanyuka risasi inapanda. Mtu asiyeambiwa hili anaona doti inaenda kinyume, anashtuka, anarudisha kliki zote alizoweka. Naomba mlisahihishe kwenye toleo lijalo kwasababu mtu ameshalikata na kuliweka kwenye pochi.

Baada ya kliki 14 alipiga tano nyingine, kundi likakaa penyewe. Hapo wengi wanafunga mzigo wanaenda nyumbani kula posho. Sisi tukasogea mita 25.

Kwanini 25? Kwasababu kioo cha doti kiko juu ya mtutu, sentimita mbili na nusu hivi au zaidi kidogo, na risasi haiendi kwenye mstari ulionyooka, inatoka chini ya jicho lako, inapanda kukutana na mstari wa doti, alafu inaanguka. Ukiziro mita 10 kamili, kwa risasi ya kawaida ya 9 utakuta mita 25 unapiga juu kama sentimita 2. Ndivyo ilivyokuwa, tukarudisha kliki 3 chini. Sasa bastola ya mama ina ziro ya 25, maana yake kwa mita 10 atapiga chini kama sentimita 1, kwa mita 3 chini kama 2, na kwa mita 50 chini kama 3, ambayo kwa bastola ni kitu kidogo kuliko mtetemo wa mkono wake. Mtu mwingine atakuambia ziro ya 10 ni bora au ya 15, wana hoja zao na mi siwezi kupigana na mtu kwa hilo, ukiwa huna renji ya 25 piga ziro ya 15 na ujue. Ila uijue. Ile sentimita 2 ya karibu ndo inawashangaza watu, wanakuwa mita 3 wanalenga kaduara kadogo, risasi inaingia chini yake, wanakimbilia bisibisi. Saiti haijahama, ni umbali tu kati ya kioo na mtutu, na huo hakuna kliki itakayouondoa.

Na tukiwa kwenye 25 kumbukeni doti yenyewe ina ukubwa. Ya MOA 6 inafunika zaidi ya sentimita 4 kwa umbali huo, ya MOA 3 nusu ya hapo. Ukitumia kidoti kidogo cha kalamu kama shabaha kinapotea chini ya doti, na unaanza kubahatisha. Chora mraba mkubwa kidogo kuliko doti, uone weupe au weusi umebaki sawa pande zote.

Risasi. Tumia ile ile utakayobeba, au yenye uzito na nguvu kama hiyo. Ya greini 115 na ya greini 147, greini ni kipimo cha uzito wa risasi, hazipigi sehemu moja kwa mita 25, na hapa kwetu mtu ananunua kilichopo, mwezi huu boksi hili mwezi ujao jingine. Basi ukibadilisha, piga tano uone. Sio lazima ugeuze, lazima uone tu.

Kuna mambo ya nchi yetu ambayo maandishi ya wenzetu wa Ulaya na Marekani hayana. Barabara za maramu. Bastola inayosafiri kutoka Kampala mpaka Moroto kwenye dashibodi, au kiunoni kwa mtu wa boda, inatikiswa kuliko ilivyotikiswa na risasi, na ndo maana ule mstari mweupe kwenye skrubu nauthamini sana. Vumbi la kiangazi linakaa kwenye kile kijitaa kinachotoa mwanga, na saiti iliyo wazi ikiingiwa na tone la mvua au nyuzi za nguo pale chini doti inapasuka au inapotea nusu. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna lingine, unatoka kwenye gari lenye eisi unaingia kwenye joto, kioo kinapata ukungu papo hapo. Kitambaa safi cha miwani, sio kona ya shati lenye jasho, na mara moja kwa wiki uifute.

Betri pia. Nyingi zinatumia ile bapa ya volti 3, CR2032 au ndogo yake, na zinapatikana, ila angalia mlango wake uko wapi. Ukiwa pembeni au juu, badilisha na uendelee na maisha. Ukiwa chini ya saiti, lazima uing'oe saiti nzima, na ukiing'oa ziro yako haina mdhamini tena, irudishe kwa kipimo kile kile, gundi upya, nenda ukapige tano. Mi nashauri siku ya kubadilisha betri iwe ndo siku ya renji.

Na saiti za chuma usizitoe. Betri itakufa siku moja na haitakupigia simu.

Kwa wenye renji nina ombi, najua baadhi yao wanasoma gazeti hili. Mwanafunzi mpya mnampa mita 7, mtu wa karatasi, magazini mbili, picha ya WhatsApp, asante. Mpeni meza na kigunia cha mchanga walau nusu saa kabla ya hayo yote, mchanga wenyewe ni bure. Mtu anayesimama na kutetemeka hawezi kupiga ziro, anaweza tu kumaliza risasi. Na msimpigie nyie alafu mkamrudishia, pigeni kuhakikisha kama nilivyofanya, ila mwisho apige yeye, ageuze yeye, aandike yeye. Mama wa Mbale aliandika kwenye kipande cha karatasi: aina ya risasi, umbali, na kwamba ziro ni ya 25. Nusu ya wanaume ninaowafundisha hawaandiki chochote, wanasema watakumbuka.

Mhariri, kama mna nafasi pale chini ya ukurasa wa barua, chapeni hizi namba kwa saiti ya kliki ya MOA moja, watu wakate wabandike ndani ya sanduku la bastola: mita 10, kliki moja ni milimita 3. Mita 15, milimita 4 na kidogo. Mita 20, karibu milimita 6. Mita 25, milimita 7. Na juu yake andikeni kwa herufi kubwa kwamba mshale unaonyesha risasi inakoenda, sio doti.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu wa shabaha,
Jinja